Moma hakimbii: mambo ya kujua kuhusu nyoka huyu na sumu yake

Na Mwandishi Wetu

Korosho zinapoanza kudondoka, familia nyingi za Kilifi hushinda chini ya mikorosho. Akina mama huinama kuokota, watoto hukimbizana kujaza ndoo, na majani makavu hufunika ardhi kama mkeka. Pana kivuli, pana utulivu. Kuna nyoka ambaye naye hupapenda mahali kama hapo, kwa sababu rangi yake inafanana na majani hayo makavu na panya hupita hapo kutafuta chakula. Mtu akimkaribia, nyoka huyu hahami. Hujilaza vile vile, akitumaini kwamba hajaonekana.

Nyoka huyo ni moma. Wengine humwita kifutu, na wengine bafe. Anapatikana katika maeneo mengi ya kaunti yetu, kuanzia mashamba ya minazi karibu na bahari hadi vichaka vikavu vya Ganze na Magarini. Si nyoka mwenye kasi, hamfuati mtu, wala sumu yake haiui kwa dakika chache. Hata hivyo, ni miongoni mwa nyoka wanaowadhuru watu wengi zaidi barani Afrika.

Makala haya yanaeleza ni kwa nini hali iko hivyo. Pia yanaeleza jambo ambalo kila nyumba inafaa kulijua: sumu ya moma humpa mgonjwa muda wa kufika hospitali, lakini muda huo mara nyingi tunaupoteza wenyewe nyumbani.

Utamtambuaje moma?

Moma ni nyoka mnene na mfupi. Wengi hufikia urefu wa karibu mita moja, ingawa wapo wanaozidi. Kichwa chake ni kipana na bapa, na kimetengana na shingo waziwazi. Mkia ni mfupi. Mgongoni ana alama nyeusi zenye umbo la herufi V, zimepangwa moja baada ya nyingine kutoka shingoni hadi mkiani. Rangi ya mwili hubadilika kulingana na mahali anapoishi: wengine ni wa kahawia, wengine wa kijivu, na wengine wana manjano.

Akitembea polepole huenda moja kwa moja kama kiwavi, bila kujipinda sana, na huacha mchanga ukiwa na alama pana iliyonyooka. Akisumbuliwa, hujaza hewa mwilini na kuitoa kwa mlio mkubwa kama wa tairi linalotoka upepo. Mlio huo ni onyo. Ukiusikia, simama, tazama ulipo, kisha rudi nyuma taratibu.

Moma hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, mara nyingi kati ya 20 na 40 kwa uzazi mmoja. Idadi kubwa zaidi ya watoto wa nyoka waliozaliwa mara moja iliyowahi kurekodiwa ni 156, na mama yao alikuwa moma wa kutoka Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama katika Jamhuri ya Czech. Watoto hao huzaliwa wakiwa na meno na sumu tayari. Ukikuta moma mdogo kama kalamu, usimchukulie kuwa si hatari.

Chakula chake kikubwa ni panya, ingawa hula pia vyura, ndege na mijusi. Kwa mkulima, hilo ni jambo la manufaa, kwani panya mmoja ghalani huharibu mahindi mengi. Lakini pia linatuonyesha kinachomvuta moma hadi mlangoni. Palipo na panya, naye hufuata.

Kwa nini huuma watu wengi

Nyoka wengi wakisikia mtikisiko wa hatua za mtu hutoroka kabla hujawaona. Moma hutegemea njia nyingine. Kinga yake ni kutulia na kufanana na ardhi. Akipata mahali pazuri pa kuvizia, anaweza kukaa hapo hapo kwa siku nyingi akingoja windo lipite.

Ustadi wake wa kujificha hauishii kwenye rangi. Mwaka wa 2015 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia mbwa na wanyama wa jamii ya nguchiro, ambao pua zao ni kali kuliko zetu. Wanyama hao walifunzwa kutambua harufu za nyoka mbalimbali. Waliwatambua wengine, lakini moma aliyetulia walishindwa kumnusa. Ikiwa mbwa anaweza kumpita moma bila kujua, usishangae mtu akimkanyaga gizani.

Mtu akimkanyaga, moma huuma, na hufanya hivyo kwa kasi kubwa kuliko unavyotarajia ukiutazama mwili wake mzito. Kwa hivyo sehemu zinazoumwa zaidi ni nyayo, vifundo vya miguu na miundi. Mikono nayo huumwa mtu anapookota kuni, anapoinua mawe, anapopanga makumbi ya nazi au anapoingiza mkono kwenye nyasi ndefu bila kutazama.

Moma hutembea zaidi usiku. Ardhi ikiwa na joto baada ya jua kali, wakati mwingine hujilaza njiani. Hiyo ndiyo maana safari fupi ya kwenda chooni usiku bila tochi ni hatari kuliko siku nzima ya kulima.

Sumu yake hufanya nini mwilini

Meno ya sumu ya moma ni marefu, karibu sentimita moja na nusu, na yana tundu ndani kama sindano ya daktari. Hukunjwa juu ya mdomo asipoyatumia, na husimama anapouma. Hii ina maana kwamba sumu haibaki juu ya ngozi. Huingizwa ndani kabisa ya nyama.

Sumu yenyewe ni mchanganyiko wa protini nyingi. Kwa nyoka, kazi yake ni kuua windo na kuanza kulimeng'enya hata kabla ya kulimeza. Baadhi ya protini hizo huvunja kuta za mishipa midogo ya damu. Nyingine hutoboa ngozi nyembamba zinazozunguka chembe za mwili. Kwa binadamu, kazi hiyo hiyo ya kumeng'enya hufanyika kwenye mguu au mkono ulioumwa.

Dalili ya kwanza ni maumivu makali. Uvimbe hufuata baada ya muda mfupi na huendelea kupanda: kutoka kidole hadi kifundo, kutoka kifundo hadi goti, na wakati mwingine hadi pajani. Ngozi hubadilika rangi, malengelenge hutokea, na damu inaweza kuendelea kuchuruzika mahali palipoumwa. Baada ya siku kadhaa, nyama iliyoharibiwa inaweza kufa na kuwa nyeusi.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani kwa macho. Mishipa midogo inapovuja, maji ya damu huhamia kwenye uvimbe. Damu inayobaki kuzunguka mwilini hupungua na shinikizo lake hushuka. Mgonjwa huhisi kizunguzungu, hutokwa na jasho baridi, hutapika, na anaweza kuzimia. Kwa mtoto hali huwa mbaya haraka zaidi, kwa sababu sumu ni ile ile lakini mwili ni mdogo.

Mgonjwa wa moma asipotibiwa anaweza kufa, lakini kifo hicho mara nyingi huja baada ya saa nyingi, hata siku moja au zaidi. Hilo ndilo jambo la kushikilia. Una muda wa kumfikisha mgonjwa hospitalini. Lakini muda huo huo nyama ya mguu inaendelea kuharibika. Kila saa inayopita bila matibabu inahesabiwa, kwanza kwa mguu, kisha kwa maisha.

Mahali tunapopotezea muda

Mtu akiumwa na nyoka kijijini, watu hukusanyika kwa haraka wakiwa na nia njema ya kumsaidia. Mengi wanayoyafanya, hata hivyo, humwongezea mgonjwa madhara.

Kufunga kamba. Imani ni kwamba kamba huzuia sumu isipande moyoni. Kwa sumu ya moma, kamba iliyokazwa huzuia damu kufika mguuni na huifungia sumu mahali pamoja, ikila nyama ile ile. Wapo watu waliopoteza miguu kwa sababu ya kamba kuliko kwa sababu ya nyoka.

Kuchanja kwa wembe. Sumu iko ndani sana, na chale haziifikii. Zinachofanya ni kuongeza jeraha kwa mtu ambaye damu yake huenda ikakataa kuganda, na kuingiza uchafu unaoleta usaha na pepopunda.

Kunyonya sumu kwa mdomo. Hakuna kiasi cha maana kinachotoka, na mdomo huacha vijidudu kwenye jeraha.

Jiwe la nyoka. Jiwe jeusi linalouzwa sokoni kwa kawaida ni kipande cha mfupa uliochomwa. Mfupa huo una vitundu vidogo vidogo, kwa hivyo hunyonya unyevu na kunata kwenye jeraha. Kunata huko ndiko watu hukuona kama uthibitisho kwamba linavuta sumu. Linachovuta ni damu ya juu tu.

Mafuta ya taa, petroli, barafu, mshtuko wa umeme kutoka kwa betri ya pikipiki, pombe, dawa za kutapisha: vyote hivyo havina faida yoyote, na vingine humchoma mgonjwa.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka wa 1994 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Kilifi kuhusu watu walioumwa na nyoka na mahali walikoenda kutafuta msaada. Wengi wao walikuwa wameenda kwa waganga wa kienyeji.

Mbona basi watu husema mganga aliponya?

Swali hili huulizwa katika mabaraza mengi, na linastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba wapo watu walioumwa na nyoka, wakapelekwa kwa mganga, wakapona.

Sababu ya kwanza ni kwamba nyoka wengi tunaowaona hawana sumu ya kumdhuru mtu. Sababu ya pili ni kwamba hata nyoka mwenye sumu wakati mwingine huuma bila kuitoa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati yao wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Kwa maneno mengine, nusu au zaidi ya walioumwa wangepona hata kama wangepewa maji ya kunywa tu. Mganga akiwatibu hao, sifa humwendea yeye.

Lakini hakuna anayeweza kumtazama mgonjwa dakika ile ya kwanza na kujua yuko upande gani. Kwa yule aliyeingiwa na sumu, saa tatu zinazotumika kwa mganga ni saa tatu ambazo sumu inafanya kazi bila kuzuiwa. Waganga wetu wana nafasi yao katika jamii, na wanaweza kuokoa maisha kwa njia moja rahisi: mtu akiletwa kwao akiwa ameumwa na nyoka, wamwelekeze hospitali mara hiyo hiyo.

La kufanya mtu akiumwa

Ondokeni karibu na nyoka. Msipoteze muda kumsaka ili kumuua. Anayemfukuza nyoka huwa mgonjwa wa pili. Hata nyoka aliyekufa, au kichwa kilichokatwa, kinaweza kuuma kwa muda. Ikiwezekana kumpiga picha kwa simu mkiwa mbali, vyema. Ikishindikana, kumbukeni tu rangi na umbo lake.

Mtulizeni mgonjwa na mlazeni. Mwambieni ukweli: wengi hupona wakifika hospitali mapema. Asitembee wala kukimbia akiwa na uwezo wa kubebwa.

Vueni pete, bangili, saa, viatu na nguo za kubana kwenye kiungo kilichoumwa. Uvimbe ukianza, pete itageuka kuwa kamba.

Kitulizeni kiungo kilichoumwa kisichezecheze. Unaweza kukifunga kwenye ubao au fimbo kwa kitambaa, kwa namna ambayo kidole chako bado kinapita chini ya kitambaa hicho.

Andikeni au kumbukeni saa aliyoumwa. Mkiwa na kalamu, wekeni alama kwenye ngozi pale uvimbe ulipofika na mwandike saa. Daktari atajua uvimbe unapanda kwa kasi gani.

Kwa maumivu, parasetamoli inakubalika. Msimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuongeza utokaji wa damu. Msipasue malengelenge.

Mpelekeni hospitali. Gari ndilo bora, lakini pikipiki ya boda boda ni bora kuliko kungoja gari ambalo halijulikani litafika saa ngapi. Mgonjwa akalishwe kati ya dereva na mtu wa kumshikilia, asije akazimia na kuanguka. Akianza kutapika, alazwe kwa ubavu wa kushoto ili asipaliwe.

Pigeni simu mkiwa njiani. Mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji chenu, au zahanati iliyo karibu, anaweza kuwaelekeza kwenye hospitali yenye dawa. Kufika mahali pasipo na dawa na kuanza safari upya ni njia nyingine ya kupoteza muda.

Hospitalini kutafanyika nini

Wapo wanaokwenda hospitali, wanaona wamelazwa bila kudungwa dawa mara moja, wanakasirika na kuondoka. Ni muhimu kuelewa utaratibu.

Si kila aliyeumwa huhitaji dawa ya sumu ya nyoka. Daktari huangalia kwanza dalili kwamba sumu imeingia: uvimbe unaoendelea, damu inayotoka, shinikizo lililoshuka. Kuna kipimo rahisi kinachotumika mahali pengi. Damu kidogo huwekwa ndani ya chupa safi ya kioo na kuachwa ikae dakika 20 bila kuguswa. Isipoganda baada ya muda huo, ni ishara kwamba sumu imevuruga damu. Mgonjwa asiye na dalili hulazwa na kuangaliwa kwa saa nyingi, kwa sababu dalili zinaweza kuchelewa. Kukaa huko si kupuuzwa. Ni sehemu ya matibabu.

Dalili zikiwepo, mgonjwa hutiwa dawa ya sumu ya nyoka kupitia mshipa. Dawa hii hutengenezwa kwa kumdunga farasi kiasi kidogo kidogo cha sumu ambacho hakimdhuru. Mwili wa farasi hujenga kinga, na kinga hiyo huchujwa kutoka kwenye damu yake. Njia hii ilianza kutumika katika miaka ya 1890 na hadi leo ndiyo msingi wa dawa hizi. Kwa kuwa asili yake ni mnyama, inaweza kumletea mgonjwa mzio mkali. Ndiyo sababu haitolewi nyumbani wala dukani, bali mahali penye daktari au muuguzi aliye na dawa ya kuzuia mzio huo.

Jambo linalowashangaza wazazi wengi ni kwamba mtoto hupewa kiasi sawa na mtu mzima. Dawa inapambana na sumu, na nyoka hakupunguza sumu kwa sababu aliyeumwa alikuwa mtoto. Chupa moja mara nyingi haitoshi.

Dawa hiyo huinasa sumu ambayo bado inazunguka mwilini. Haiwezi kufufua nyama ambayo imekwisha kufa. Mgonjwa aliyefika baada ya saa mbili na yule aliyefika baada ya siku mbili wanaweza kupewa dawa ile ile na wote wakaishi, lakini mmoja akarudi shambani baada ya wiki chache na mwingine akahitaji kupandikizwa ngozi au kukatwa mguu.

Mbona si kila zahanati ina dawa?

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, vituo vya afya vya kaunti ni jukumu la serikali ya kaunti, ikiwemo kuvinunulia dawa. Mwananchi ana haki ya kuuliza kuhusu dawa ya nyoka, na ana haki ya kupata jibu la wazi.

Dawa hii ni ghali, na baadhi yake ni lazima iwekwe kwenye jokofu la nyuzi kati ya 2 na 8. Zipo aina za unga ambazo hustahimili joto zaidi. Zote zina muda wa kuharibika. Kituo kinachopokea mgonjwa mmoja wa nyoka kwa mwaka kinaweza kuiona dawa ikiisha muda rafuni. Tena zahanati isiyo na uwezo wa kukabiliana na mzio mkali haifai kuitoa. Ndiyo maana huwekwa zaidi katika hospitali kubwa.

Kuna tatizo jingine linalovuka mipaka ya kaunti. Dawa hufanya kazi dhidi ya sumu iliyotumika kuitengeneza. Dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa India haiwezi kutegemewa kwa moma wa Ganze. Mojawapo ya dawa zilizotegemewa sana Afrika, iliyotengenezwa na kampuni moja ya Ufaransa, iliacha kuzalishwa mwaka wa 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka wa 2016. Tangu hapo nchi nyingi zimekuwa zikihangaika kupata mbadala ulio bora.

Mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyopuuzwa, na mwaka wa 2019 likatangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Shirika hilo linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa sumu ya nyoka, na wanaobaki na ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Hapa nchini, Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, Nairobi, ina kituo kinachotafiti sumu za nyoka wa Kenya, matumaini yakiwa ni kupata dawa zinazowafaa nyoka wetu wenyewe.

Wewe nawe una nafasi. Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti vinapoitishwa katika wadi yako, usizungumzie barabara na maji peke yake. Uliza ni hospitali ipi iliyo karibu ina dawa ya nyoka, na wagonjwa wanafikishwaje huko usiku.

Wenzake wawili usiwachanganye naye

Sumu ya koboko ni tofauti kabisa. Huyu ni nyoka mrefu, mwembamba, mwepesi, na ndani ya mdomo wake ni mweusi. Sumu yake hushambulia neva. Uvimbe unaweza kuwa mdogo, lakini kope hulegea, ulimi huwa mzito na pumzi hushindwa, wakati mwingine ndani ya saa chache sana. Kutovimba kwa mguu si ushahidi kwamba hakuna sumu.

Fira anayetema sumu hulenga macho. Akikutemea, osha macho mara moja kwa maji mengi safi kwa angalau dakika 15, usiyasugue, kisha nenda hospitali. Fira mkubwa kuliko wote wanaotema duniani anapatikana katika kaunti yetu. Wanasayansi walimtambua kuwa aina ya pekee mwaka wa 2007, na wakampa jina la kisayansi la Naja ashei kwa heshima ya marehemu James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilichoko Watamu.

Kujikinga nyumbani na shambani

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Afadhali kushtuka mapema.

Usitoke nje usiku bila tochi, hata kama ni hatua kumi hadi chooni. Mwanga wa simu unatosha kuokoa mguu.

Vaa buti za mpira unapolima, unapokata nyasi au unapookota korosho. Kwa kuwa wengi huumwa chini ya goti, hiyo ndiyo kinga kubwa zaidi kwa mkulima.

Kabla ya kuokota, pekua majani kwa fimbo ndefu. Usiingize mkono mahali ambapo macho yako hayajafika. Wafunze watoto kufanya vivyo hivyo.

Safisha uwanja wa nyumba. Marundo ya makumbi, makuti makuukuu, matofali na kuni yawekwe mbali na mlango. Fyeka nyasi kando ya njia.

Hifadhi nafaka kwenye vyombo vyenye vifuniko ili panya wasizoee nyumba yako.

Lala kitandani inapowezekana, na chomeka neti chini ya godoro au mkeka. Neti iliyochomekwa vizuri huzuia mbu na nyoka kwa pamoja.

Ukimwona moma, usimpige mawe wala kumtia fimbo. Simama mbali, waondoe watoto na mifugo, na mpe nafasi ya kwenda zake. Kama amekaa karibu na nyumba na haondoki, mjulishe chifu au mzee wa kijiji ili watu wenye ujuzi wa kuhamisha nyoka waitwe.

Kabla hujaliweka gazeti hili chini, fanya mambo matatu. Tafuta namba ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako na uihifadhi kwenye simu. Muulize ni hospitali ipi iliyo karibu yenye dawa ya nyoka. Kisha kubaliana na dereva mmoja wa boda boda anayeweza kuamshwa usiku wa manane. Moma hakimbii, lakini siku akikuuma, wewe itakubidi uwahi.